Hatushindwi

Nipe mguu. La, huo wa mbele, wa kushoto.
Kiarabu nakiweka kwa wenye kulipa,
Kiingereza kwa daktari na sindano zake.
Wewe nakusemesha hiki cha mama,
aliyekuja nacho Barka kutoka Wete
katika sanduku moja na cherehani.
Huelewi neno. Lakini sikio lako la kulia
hunigeukia kila nisemapo taratibu.

Hatsushio, ndivyo ulivyoandikwa kwenye pasipoti,
pasipoti, ndiyo, yenye mihuri kuliko yangu.
Tokumaru aliyekuleta alinichorea mchangani
mstari wa pwani, kisha maji yanaanza kujaa.
Maji ya kwanza. Nikamwelewa.
Wanangu ulimi ukawashinda, wakakuita Hatushindwi,
na jina likakukaa kama tandiko la kupimwa.

Ingawa ulishindwa. Mara nne, nimehesabu.
Ya kwanza ulikuwa na miaka miwili,
mvua inanyesha, lango likafunguka,
wenzako wakaruka,
wewe ukabaki unatazama miavuli.

Baada ya hapo, mtamba, ukashika moto.
Nimeyaona kwenye simu ya Tokumaru usiku,
tumekaa juu ya marobota ya majani makavu, tunakula mkate na asali:
kumi na sita mmetoka, wewe wa mwisho.
Kwenye kona, bado wa mwisho.
Nikamuuliza, huyu mlimpa nini, dawa ya usingizi?
Akainua kidole: ngoja.
Zilibaki mita mia tatu. Ukatoka nje ya kundi, peke yako,
kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

Mbio kubwa za mitamba: za machipuko, zako.
Za kiangazi, zako.
Za vuli ukazikosa kwa pua,
na pua yenyewe fupi, umezaliwa nayo.
Kisha Dubai, taa nyeupe kuliko mchana,
na Tokumaru hakutazama hata kidogo.
Alinionyesha kwa mwili wake alivyofanya:
uso ukutani, kiganja nyuma ya sikio,
anazitafuta kwato zako katikati ya kwato zote.
Akazipata. Zilikuwa mbele.

Sasa wageni wa Bwana Muhanna huja Ijumaa,
wanakunywa kahawa, wanatema kokwa za tende,
wananiomba niinue mguu huu wapige picha.
"Hizi ndizo kwato zilizoshinda?"
Nasema ndizo. Nalipwa niseme ndizo.

Lakini mimi fundi. Kwato hushuka kama ukucha,
mwezi kwa mwezi, kiasi cha kupunguza,
na mwaka ukizunguka imeisha yote, imekuja nyingine.
Ile iliyokanyaga majani ya Dubai
niliikata kwa koleo hili, kipande kwa kipande.
Mbwa wa jirani huvipenda vipande hivyo,
hunisubiri mlangoni kama wenye madeni.
Basi ushindi wako, mama, sitakuficha,
uko tumboni mwa mbwa wa Barka.

Tulia. Tulia, nimesema.

Hapa juu, karibu na nywele, pana pete mpya,
naihisi kwa dole gumba kabla ya tupa.
Hii haikutoka kwenye mbio.
Ni ya miezi hii unayokula kwa wawili,
unayolala upande mmoja tu, unapiga teke ndoo,
na mtu akikuita mtamba namrekebisha.

Tokumaru amerudi kwao kwenye theluji.
Haulizi bei, haulizi baba wa mtoto.
Kila mwisho wa mwezi simu yangu hutetemeka
na neno moja la Kiswahili, alilolichukua kwangu
bila mimi kujua nimelitoa:
Anakula?

Namjibu: Anakula.

Haya. Mguu mwingine.